Magugu kwenye msitu wa mjini: msianzie palipoharibika zaidi

Mleta mada anasema kikundi chao kimepewa ruhusa ya kutunza kipande cha msitu wa asili kilichobaki katikati ya makazi. Upande wa mtaroni umemezwa na lantana, kichaka vamizi chenye asili ya nje, na wamepanga kukusanya watu wengi wenye mapanga wafyeke yote kwa siku moja. Anauliza wapande miti gani baada ya hapo.

Mkuu, hongereni sana. Vipande kama hivyo vikipotea ndiyo basi. Nimejitolea kwenye kazi hii muda mrefu, na ninachokuomba ni kimoja: hiyo siku ya kufyeka iahirisheni, na mtaroni msiende kwanza. Anzeni upande wa pili, kule ambako msitu bado una afya na gugu ni moja moja.

Najua inauma kuliacha pori la lantana linakutazama. Lakini fikirieni kinachotokea likifyekwa. Mwanga unaingia ghafla, udongo umekanyagwa na kuchimbuliwa, na chini yake kuna mbegu zilizorundikana miaka yote hiyo. Mbegu nyingi za magugu husubiri mwanga tu. Mvua ikinyesha mtapata zulia la miche ya lantana, pengine na gugu karoti, gugu jingine vamizi, juu yake, na visiki mlivyokata vitakuwa vimechipua matawi mengi kuliko mwanzo. Wale watu wengi wa siku ya kwanza hawatarudi. Nimeona vikundi vyenye moyo kabisa vikivunjika kwa sababu hii.

Njia ya kuanzia penye uzima ilifanyiwa kazi na dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, kuanzia miaka ya 1960. Waling'oa kwa mikono, wakausumbua udongo kidogo iwezekanavyo na kurudishia majani makavu juu yake, na hawakusonga mbele mpaka mimea ya asili ijaze pale walipotoa gugu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kasi inapangwa na msitu, si ratiba yenu. Kwangu ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Mche wa asili uliojiotea wenyewe chini ya mama yake una nafasi nzuri ya kuishi kuliko wa kitaluni unaohitaji kumwagiliwa.

Kuhusu lantana yenyewe. Mche mdogo ushike chini kabisa, karibu na udongo, uvute polepole baada ya mvua, ardhi ikiwa laini. Ukikatika, umefanya kazi bure, maana huchipua kutoka pale shina linapokutana na mizizi. Kichaka kikubwa punguza matawi kwanza kwa mkasi wa kupogolea, ubakize shina la kushika, kisha ingiza mtalimbo chini ya kitako chake na ukinyanyue. Mizizi yake mingi haiendi chini sana, kwa hiyo kitatoka. Kung'uta udongo, shindilia shimo kwa mguu, rudisha majani makavu. Mizizi iningʼinize kwenye tawi ikauke, maana ikilala kwenye udongo wenye unyevu inaweza kushika tena. Vaeni glavu nene, shina lina vimiba. Na mwende kabla matunda hayajaiva, kwa sababu ndege huyala na kupeleka mbegu mbali. Yaliyoiva yafungeni kwenye mifuko, msiyaburute msituni.

Kama kisiki kiko kwenye mteremko na mnaogopa mmomonyoko, hapo nakubali dawa ya kuua magugu: kata chini, paka glaifosati papo hapo kwenye jeraha kwa brashi. Msipulize, na karibu na maji msitumie kabisa, vyura na viumbe wengine wa majini huumia.

Kabla ya yote, jifunzeni kutambua miche. Hapa sina masihara, mtu asiyejua asipewe kazi ya kung'oa, apewe ya kubeba. Mche wa lantana ukiupapasa shina lina pembe nne, jani linakwaruza, ukilifikicha linatoa harufu kali isiyosahaulika. Usilolijua liache, lifungie utepe, muulize mtu wa mimea.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: hilo pori la mtaroni huenda ndilo maficho ya ndege wadogo kwa sasa. Likifika zamu yake, litoeni kwa vipande, mkiacha vichaka vingine mpaka mimea ya asili iweze kuwasitiri. Na chunguzeni kwa nini gugu limejaa hapo. Mara nyingi ni maji ya mitaro yanayoleta mbegu na rutuba, au majirani wanaotupa mabaki ya bustani. Ongeeni nao mapema, bila hiyo mtakuwa mnang'oa mimea ya bustani zao.

Kwa hiyo kupanda miti subirini. Watu wachache wanaorudi kila wiki wanatosha kuanza. Ukiweka hapa picha za miche mnayoikuta, majani yaonekane pande zote mbili, nitasaidia kutofautisha.