Raki ya vyuma kwenye banda dogo la gari: anza na mtaimbo

Mwaka juzi, saa 11 alfajiri, nilikuwa peke yangu kwenye banda la gari, nimelala benchini, nikashindwa kuurudisha mtaimbo, kile chuma kirefu cha kunyanyulia kinachovishwa sahani za uzito kwenye ncha zake. Ulikuwa na kilo 45 tu, uzito niliokuwa nimeshauzoea. Rudio la sita likagoma katikati, mtaimbo ukashuka taratibu ukanikalia kifuani. Baba watoto alikuwa safarini Dodoma, watoto wamelala, geti limefungwa kwa ndani. Nilikuwa nimebana vibanio vya kuzuia sahani pande zote mbili, kwa hiyo hata njia ya kuinamisha upande mmoja ili sahani ziteleze zianguke nilikuwa nimejizibia mwenyewe. Nikauviringisha kuelekea tumboni, kidogo kidogo, huku pumzi ikikata, mpaka ukafika mapajani ndipo nikaweza kukaa.

Wakati huo nilikuwa na stendi mbili za kawaida, zile za miguu mitatu, kila moja imesimama peke yake. Kazi ya kuegesha mtaimbo zilifanya vizuri. Kazi ya kuudaka ukinizidi nguvu hazikutengenezwa kuifanya, na mimi wakati nanunua sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue raki gani, yaani fremu ya kuegeshea mtaimbo, kwa ajili ya nyumbani, namuuliza kwanza: utafanya mazoezi na nani? Akijibu kwamba ni peke yake, kama wengi wetu tunaoamka kabla ya nyumba kuamka, mazungumzo yote yanaanzia kwenye mikono ya kudakia, vile vyuma vya pembeni vinavyoudaka mtaimbo ukikuzidi nguvu. Rangi, bei, sehemu ya kuning'inia, vyote vinafuata baadaye.

Aina zenyewe si nyingi. Kuna hizo stendi mbili. Kuna raki kamili yenye nguzo nne, unaingia ndani yake kama uko kwenye kizimba, na vyuma viwili vimepita ubavuni kukudakia. Kuna nusu raki, nguzo mbili zenye msingi mpana, ndoano za kuegeshea mtaimbo kwa mbele na mikono ya kudakia inayochomoza mbele. Na kuna raki ya kukunja inayofungwa ukutani, ukimaliza unaikunja inalala kwenye ukuta. Raki kamili ndiyo salama kuliko zote na mwenye nafasi asisite kuichukua. Sisi wenye banda la mita 2.9 kwa 5.2, ambalo usiku lazima gari lilale humo, tunabaki na mbili za mwisho.

Sasa vipimo. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, maana wanapima raki. Kitu kirefu kuliko vyote humo ndani ni mtaimbo. Mtaimbo wa kiwango cha mashindano kwa wanaume una kilo 20 na urefu wa mita 2.2. Wa wanawake, huo ninaotumia mimi, una kilo 15 na mita 2.01, na pia ni mwembamba kidogo mkononi. Toa urefu huo kwenye upana wa banda lako uone kinachobaki. Kwangu ule wa baba watoto unaacha sentimita 35 kila upande. Mtu anaweza kupita kwa ubavu, lakini kuvisha sahani ya kilo 20 ukiwa umejibana ukutani ni kazi ya kugeuza mgongo vibaya. Wangu unaacha karibu sentimita 45, na hizo sentimita 10 za ziada nazisikia kila siku. Kama banda lako halifiki mita 2.9, fikiria kuweka raki ikitazama upande mwingine, mtaimbo ulale kwa urefu wa banda badala ya upana, hata kama picha kichwani mwako ilikuwa tofauti.

Urefu wa kwenda juu upime hivi: shika fimbo ya fagio, simama ukiwa umevaa viatu vyako vya mazoezi, nyoosha mikono juu kabisa, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye fimbo. Ongeza sentimita 23, kwa sababu sahani kubwa za kawaida zina kipenyo cha sentimita 45 na nusu yake inapanda juu ya mtaimbo. Kisha ongeza 10 za kupumulia. Mimi nina urefu wa sentimita 163 na nilihitaji kama mita 2.3. Bati letu linashuka kuelekea mlangoni, nyuma ni mita 2.6, mbele ni 2.25. Kwa hiyo raki ilikuwa lazima ikae nyuma, hapakuwa na mjadala. Kama kenchi zako zimeachwa wazi bila dari, pima chini ya ule mti ulioshuka kuliko yote, usipime chini ya bati.

Kuna kipimo kimoja ambacho kilinigharimu, nakisema ili usirudie. Kati ya vichwa viwili vya mtaimbo, zile ncha nene za kuvishia sahani, kuna ile sehemu nyembamba ya kushikia, yenye sentimita 131. Iwe wa wanaume au wa wanawake, ni hizo hizo. Ndoano za raki lazima zikae ndani ya hizo 131, na ibaki nafasi kidogo ili usipate shida kuurudisha ukiwa umechoka. Raki nyingi zinazotoka kiwandani zina karibu sentimita 120 kutoka nje ya nguzo hii hadi nje ya nguzo ile.

Mimi niliamua kuchomelesha, kwa sababu raki ya kuagiza ni mzigo mzito na usafiri wake unakula bajeti. Nikachora kwenye karatasi, nikaandika upana 120, nikampelekea fundi. Sikuandika kama ni ndani au nje. Fundi akapima ndani, kama anavyopima mlango au dirisha kila siku. Mabomba ni ya sentimita 7.5 kila moja, kwa hiyo nje ikatoka 135. Kirikuu ikaileta nyumbani, tukaishusha watu wanne, nikaweka mtaimbo: vichwa vikakaa juu ya ndoano. Hata sahani moja isingeingia vizuri. Nilisimama pale nikaangalia kitu kizuri, kimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, ambacho hakifai kwa kazi yake.

Fundi hakuwa na ubishi. "Mama, ungeniletea chuma chenyewe nikione, tusingefika huku." Alikuwa sahihi. Safari ya pili nilikwenda na mtaimbo kwenye bajaji, umechomoza pande zote mbili, dereva akienda mwendo wa pole. Fundi akaulaza juu ya nguzo, akaweka alama kwa chaki, akakata vyuma vya kuunganishia na kuchomelea upya. Basi wewe nenda na mtaimbo tangu siku ya kwanza. Uwe umenunua mtaimbo kabla ya raki, hata kama raki ndiyo inayokupa hamu.

Ukichomelesha, kuna mambo mawili ya kusimamia ukiwa pale pale karakana. La kwanza ni unene wa bomba. Tumezoea geji kwenye mabati ya kuezekea, kwamba namba ikipanda bati linakuwa jepesi. Mabomba nayo ni hivyo hivyo: geji 11 ni karibu milimita 3, geji 14 ni karibu milimita 2. Kwa nguzo mimi nasema milimita 3, bomba la pembe nne la milimita 75 kwa 75. La 50 kwa 50 litakushika ukiwa unaanza, lakini raki ni kitu cha miaka, na utaongeza kilo. Muuzaji akikuambia ni milimita 3, omba lipimwe kwenye mizani. Bomba zima la mita 6 la 75 kwa 75 lenye unene huo lina karibu kilo 40. Likiwa la milimita 2 linashuka mpaka kilo 27 hivi. Macho yanadanganywa kirahisi, na ncha ya bomba inaweza kuwa na mkunjo unaoonekana mnene.

La pili ni matundu ya kuchomekea ndoano na mikono ya kudakia. Hili nimeliona kwenye raki za watu wengi: nguzo ya kushoto imetobolewa peke yake, ya kulia peke yake, na mwisho wa siku tundu la nane huku haliko usawa mmoja na tundu la nane kule. Tofauti ya milimita 5 inatosha kufanya mtaimbo ukae upande, na mwili wako utajipinda kuufuata bila wewe kujua. Dawa yake ni kubana nguzo zote mbili pamoja kwa jiriwa na kuzitoboa kwa mpigo mmoja, kabla ya kuchomelea chochote. Matundu ya milimita 16 yanatosha. Umbali kati ya tundu na tundu ni sentimita 5, ila kuanzia sentimita 55 hadi 105 kutoka sakafuni, eneo la benchi, yawe kila baada ya sentimita 2.5. Fundi atalalamika kwamba ni kazi nyingi, na kweli ni kazi nyingi, mlipe hiyo kazi. Nitaeleza punde kwa nini hizo 2.5 zina maana.

Maungio makuu nayo, omba yawe ya bolti. Anayepanga nyumba atanielewa haraka: raki iliyochomelewa kila mahali haipiti mlango wa nyumba inayofuata.

Kuhusu raki ya kukunja, naipenda sana na ningekuwa na ukuta wake ningeichukua. Ikikunjwa inabaki sentimita chache tu kutoka ukutani na gari linaingia bila wasiwasi. Lakini yote inategemea ukuta. Tofali za saruji zilizolazwa, zenye ubora, au nguzo ya zege, hapo sawa. Ukuta wangu wa nyuma ni wa tofali za kusimamisha, na nilipotoboa kujaribu, tundu lilitoa mchanga mkavu ukimiminika kama wa kwenye chujio. Bolti haiwezi kushika hapo, itashika siku ya kufunga na italegea siku ukigonga ndoano kwa nguvu wakati wa kurudisha mtaimbo. Njia iliyobaki ni kupitisha bolti upande wa pili na kuweka bamba la chuma kule nyuma, na kwangu upande wa pili ni kwa jirani. Nikaachana nayo.

Nilichotulia nacho ni nusu raki ya urefu wa mita 1.85, msingi unaokula sentimita 75 kutoka ukutani, na mikono ya kudakia ya sentimita 60 inayochomolewa. Asubuhi naburuza gari nje, nachomeka mikono, nafanya kazi yangu. Nikimaliza naichomoa, gari linarudi. Sahani nazihifadhi kwenye vigingi vya nyuma ya raki, uzito wake unaizuia isilalie mbele. Bado nimeifunga sakafuni kwa bolti nne, kwa sababu nusu raki isiyofungwa inaweza kupinduka mtaimbo ukitua ghafla kwenye ncha za ile mikono.

Kabla ya kufunga, weka pima maji sakafuni. Sakafu ya banda la gari mara nyingi imepewa mteremko ili maji ya mvua na ya kuoshea gari yatoke nje. Kwangu tofauti kati ya mbele na nyuma ya msingi wa raki ilikuwa zaidi ya sentimita 1. Tuliweka vipande vya bamba chini ya miguu ya mbele mpaka timazi ikakubali. Usipofanya hivyo raki itakuwa imekuinamia muda wote.

Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, kutu. Raki yangu imepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya ile nyeusi, na ncha zote za mabomba zimezibwa. Ndani ya matundu rangi hukwanguka upesi, kwa hiyo kila baada ya miezi michache napitisha kitambaa chenye oili. Ndoano nimezivika vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu, ili chuma kisile chuma.

Sasa zile sentimita 2.5. Lala benchini na mtaimbo mtupu, panua kifua kama unavyofanya ukiwa na uzito, ushushe mpaka uguse. Mikono ya kudakia inatakiwa iwe chini kidogo tu ya hapo. Kisha toa pumzi, lala bapa kabisa: mtaimbo ukae kwenye mikono, na shingo yako iwe huru chini yake. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ndogo sana, na matundu ya kila sentimita 5 mara nyingi yanakupa la juu mno linalokuzuia kugusa kifua, au la chini mno lisilokusaidia. Kwa kuchuchumaa na uzito, shuka hadi mwisho wako na uweke mikono sentimita 3 hadi 5 chini ya hapo. Ndoano ziwe usawa wa kwapa au chini yake kidogo, ili uutoe mtaimbo kwa kunyoosha magoti, usijivute kwa vidole vya miguu.

Jaribu mara tano na mtaimbo mtupu, uuachie kabisa ukae kwenye mikono, utoke chini yake. Mwili ujue njia ya kutokea kabla haujaihitaji. Mimi nilipopata matundu yangu niliyawekea alama ya rangi ya kucha, nyekundu kwa benchi, ya zambarau kwa kuchuchumaa, nguzo zote mbili, maana saa 11 alfajiri hakuna mtu anayehesabu matundu vizuri. Baba watoto naye amechagua rangi yake, ni ya kijani, inang'aa mpaka unaiona kabla taa haijawashwa.