Kabla Hujabadilisha Antena, Fungua Logi

Wadogo zangu, juzi nilimkuta mmoja wenu juu ya ngazi akibadilisha antena kwa mara ya tatu, eti vifaa vyake vinakatika-katika. Nikamwomba anionyeshe kitambulisho cha mteja alichokiandika kwenye msimbo, yaani jina ambalo kila kifaa hujitambulisha nalo kwa seva. Vifaa sita, kitambulisho kimoja. Nikanyamaza kidogo, maana kosa hilo nalifahamu vizuri mno.

1. Someni kiwango chenyewe. MQTT, itifaki ambayo vifaa vyetu hutumia kutuma vipimo kupitia seva, ilibuniwa mwaka 1999 kwa kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, na toleo la 3.1.1 likawa kiwango cha shirika la viwango la OASIS mwaka 2014. Waraka wake ni bure. Mnanakili mifano ya watu miezi mitatu, lakini waraka wenyewe hamuufungui hata jioni moja!

Hata mimi sikuufungua. Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa kupima kina cha maji kwenye matangi 12 ya shamba moja. Kifaa cha kwanza kilikaa mezani wiki tatu bila kukatika. Nikanakili programu yake kwenye vingine 11, nikabadilisha tu jina la mada, yaani anwani ambayo ujumbe hutumwa chini yake. Kitambulisho kikabaki kilekile. Kiwango kinasema wazi: akija mteja mwenye kitambulisho cha mteja ambaye tayari ameunganishwa, seva lazima imkate yule wa mwanzo. Vifaa vyangu vilijiunga upya vyenyewe, kwa hiyo vikawa vinatoana usiku na mchana, na betri zikaisha ndani ya siku chache. Nikalaumu mtandao. Nikabadilisha laini za simu, nikabadilisha antena, nikagombana na mtoa huduma asiye na kosa. Wiki mbili nzima logi ya Mosquitto, yaani kumbukumbu ya matukio ya programu iliyokuwa seva yangu, ilikuwa ikiandika, mstari baada ya mstari, kwamba mteja huyu tayari ameunganishwa na muunganisho wake wa zamani unafungwa.

Lakini wiki mbili hizo si kitu. Nilikuwa nimeiagiza broka (ndiyo hiyo seva) ihifadhi ujumbe wa mwisho wa kila mada, basi kila aliyefungua skrini alipewa kipimo cha mwisho kufika, hata kama ni cha jana. Saa sikuiweka ndani ya ujumbe. Mwangalizi wa shamba akaona tangi lina maji robo tatu, akawasha pampu. Tangi lilikuwa tupu tangu alfajiri, na pampu ikaungua. Akanipigia simu. Hakufoka, aliuliza tu: "Mwanangu, si skrini yako ilisema maji yapo?" Pampu niliilipa. Swali lake sikuwa na la kulijibu.

2. Kitambulisho kitoke kwenye kifaa chenyewe. Anwani ya MAC, namba ya kipekee ya kifaa mtandaoni, tayari imo ndani ya chipu.

3. Kila kipimo kisafiri na saa yake ya UTC (saa ya kimataifa) pamoja na kizio chake. Juzijuzi nimepokea ujumbe wenye "23.5" na basi. Ni nyuzi joto, asilimia au volti? Msibuni muundo wenu, SenML, muundo wa kuandikia vipimo, ipo tangu mwaka 2018 kwenye waraka wa intaneti RFC 8428.

4. Mkichagua QoS 1 (QoS ni kiwango cha uhakika wa kufikisha ujumbe), ujumbe unaweza kufika zaidi ya mara moja. Upande wa kupokea ustahimili hilo.

5. Mosquitto tangu toleo la 2.0 haipokei vifaa vya nje mpaka uiambie, na haimkubali asiyejitambulisha. Mnakwama dakika kumi, mnabandika allow_anonymous true, amri ya kumruhusu yeyote aingie, mnasonga mbele. Nawasihi, acheni. Wekeni nywila, na TLS (usimbaji wa mawasiliano) kwenye poti 8883, kifaa kikiwa bado mezani. Kikishafungwa juu ya mlingoti, ile "nitarekebisha baadaye" huwa haifiki. Nimepanda milingoti ya kutosha kulijua hilo.

Yule wa kwenye ngazi ameshashuka. Tulifungua logi pamoja, akausoma ule mstari kwa sauti, mara mbili, kisha akaomba kompyuta yake.