Siprofloksasini na vidonge vya kiungulia: swali la kuuliza dirishani

Wewe unayeanza kazi ya kutoa dawa, "kutwa mara mbili" utaizoea haraka. Mimi niliizoea mpaka siku aliporudi mzee mmoja, dozi ya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, imeisha na mkojo bado unamchoma. Nikamuuliza kama anatumia dawa nyingine. Hapana. Nilipotaja kiungulia ndipo akatoa mfukoni vidonge vya magnesiamu. Alikuwa akitafuna viwiliviwili, tena papo hapo baada ya kumeza siprofloksasini.

Jibu nilikuwa nalo tangu chuoni, ila nililiweka upande wa mtihani.

Molekuli ya siprofloksasini ina oksijeni zilizokaa jirani jirani, zinazobana ayoni ya metali kama koleo linavyobana msumari. Ikikutana tumboni na magnesiamu, aluminiamu, chuma au zinki, inaishikilia, na kinachopatikana hapo hakipenyi vizuri ukuta wa utumbo. Sehemu kubwa ya dawa inaishia chooni.

Kinachonifurahisha ni kwamba bakteria naye anauawa kwa mshiko huohuo. Ndani yake dawa hushika ayoni ya magnesiamu, na molekuli za maji zinazoizunguka ayoni hiyo huwa daraja kati ya dawa na jairesi, kimeng'enya kinachokata na kuunga DNA. DNA ikishakatwa, haiungwi tena. Bakteria akibadilisha serini moja (asidi amino ya kimeng'enya hicho) pale daraja linapoegemea, usugu unaanza. Tetrasaiklini, dawa nyingine ya bakteria, nayo huing'ang'ania ribosomu, kiwanda cha protini cha bakteria, kwa kupitia magnesiamu. Ikikuta kalsiamu kwenye meno ya mtoto yanayoota, huacha madoa.

Basi dirishani taja vitu kwa majina: vya kiungulia, vya kuongeza damu, zinki ya mtoto. Watu wengi hawavihesabu kuwa dawa. Siprofloksasini inywewe saa 2 kabla ya hivyo, au saa 6 baada yake.

Kuwa macho na cheti cha mtoto anayeharisha damu, maana siprofloksasini na zinki zinaweza kuandikwa pamoja, na mama atampa zote kwa mkupuo ili asimsumbue mara mbili. Mpangie: siprofloksasini saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, zinki saa 6 mchana. Iandike kwa kalamu kwenye bahasha ya dawa. Ukiitamka tu, ataisahau kabla hajapanda daladala.