Mwanangu ananipandisha hasira kila nikirudi kazini

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Bosi wangu hana neno, ni mtu mzuri, ingawa Jumatatu aliniita mzigo mbele ya wateja. Sikujali. Shida yangu ni mwanangu wa miaka 8. Ni mkorofi, kila nikirudi ananipandisha hasira. Juzi nilimzaba kibao kwa sababu daftari lake lilikuwa na doa la chai. Siku hizi akisikia ufunguo getini anakimbia kuficha viatu vyake. Nifanye nini anyooke? Mama K., Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye hivyo viatu. Anavificha kwa sababu hajui leo kosa litakuwa lipi.

Kwetu jambo hili lina jina la siku zote: kummalizia mtu hasira. Umetukanwa dukani, umesema "sawa, bosi" kwa kuwa kodi ya nyumba inakungoja, na hasira imepanda nawe daladala mpaka nyumbani kwa mtu asiyeweza kukufukuza kazi. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alianza kuandika kuhusu kinga za namna hii za akili, yaani njia ambazo akili hujikinga nazo na maumivu, mwaka 1894. Mwaka 1909 alieleza habari za mtoto wa miaka 5 aliyeogopa kung'atwa na farasi. Kwa maoni yake, hofu ile ilikuwa ya baba, ikahamia kwa farasi. Wengi wamembishia kuhusu mtoto yule, nami simfuati kwa kila neno. Ila kwamba hisia huhama mlango, hilo nimeliona kwenye nyumba nyingi mno.

Binti yake Anna, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alizikusanya kinga hizo katika kitabu chake cha mwaka 1936. Kinga hizi hufanya kazi bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo sikuoni mwongo unaposema hukujali. Akili yako imekuficha maumivu ili kesho uweze kurudi kazini, halafu ikakutafutia sababu: mtoto mkorofi. Doa la chai, mwanangu!

Kesho kabla hujatoa ufunguo, simama nje ya geti useme kwa sauti yako mwenyewe: "Bosi ameniita mzigo, na imeniuma." Yaseme hata kama machozi yatatoka. Mweleze na dada yako au shoga unayemwamini. Hasira ikishatajwa mwenyewe haizururi sana.

Mkono usimnyanyulie tena. Ukiona unakushinda, nenda hospitali ya wilaya umwone afisa ustawi wa jamii, wiki hii hii.

Na leo usiku kaa naye kitandani kwake, mwambie: "Kibao kile hukustahili. Nilikuwa na hasira za kazini." Asipojibu, usimlazimishe. Kisha mwombe akuonyeshe daftari lake, ulisome lote, pamoja na ukurasa wenye chai.