Jibu: Nyumba ya William S. Hart, mbona sikuona michoro?

Salaam ndugu. Unasema ulifika Newhall, California, ukachungulia nyumba ndogo ya ranchi, hukuona mchoro hata mmoja. Nami yalinikuta hayo hayo mara ya kwanza. Ile ya chini siyo yenyewe. Jumba la makumbusho, La Loma de los Vientos, liko juu ya kilima. Kwanza piga simu uhakikishe limefunguliwa, ndipo upande, na maji ubebe. Humo ndimo zilimo kazi za mchoraji Charles M. Russell alizokusanya Hart, nyota wa sinema bubu za makauboi. Alifariki 1946, nyumba akawaachia wananchi, maana senti zao za tiketi ndizo zilizomtajirisha. Hilo hunigusa sana. Ukishuka, watazame nyati wa Amerika (bison). Kundi lilianza na wale aliotoa Walt Disney 1962.