Subjonctif ya Kifaransa: anzia kwenye "ils"

Umeandika "je veux que tu finis" (nataka umalize) ukakatwa alama, maana hapo Kifaransa hudai subjonctif, umbo la kitenzi linalofanana na -e ya "umalize". Kosa liko kwenye shina. Chukua umbo la "ils" (wao) la wakati uliopo la finir (kumaliza), finissent, ondoa -ent, ubaki na finiss-. Ongeza -e, -es, -e, -ions, -iez, -ent: que tu finisses. Vendre (kuuza) hutoa que je vende. Vitenzi vya -er hudanganya, maana "que je parle" (nizungumze) haitofautiani na "je parle" ya wakati uliopo. Tofauti ni kwa nous (sisi) na vous (ninyi) pekee: parlions, parliez. Étudiions (ya étudier, kusoma) ina i mbili, usifute moja.

Kiswahili kinakusaidia: "nataka amalize" ni je veux qu'il finisse, "nataka kumaliza" ni je veux finir, bila que. Ila angalia "ingawa anamaliza": kwa Kiswahili hakuna -e, lakini Kifaransa hudai bien qu'il finisse. Hapo ndipo wengi huanguka.