Barolo ikifika mezani: kwa mhudumu anayeanza kazi

Ukiajiriwa hoteli ya Malindi au Watamu, Waitaliano utakutana nao tu, na iko siku mmoja wao ataagiza Barolo, mvinyo mwekundu wa kwao. Ni chupa ya bei, kwa hiyo usibahatishe.

Kwanza, usiihukumu kwa rangi. Ukiimimina utaona wekundu mwepesi, vidole vinaonekana upande wa pili wa glasi, na kama ina umri, pembeni imeshageuka rangi ya tofali. Wahudumu wapya hudhani imeharibika. Hapana, zabibu yake, Nebbiolo, haina rangi nzito hata ikiwa changa.

Nguvu yake iko mdomoni. Tanini, yaani ukakasi utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu, hukamata ulimi na fizi kama umekula bibo, na uchachu nao haujifichi. Ndiyo sababu Waitaliano hawairuhusu sokoni mapema: sheria inadai miezi 38 kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mapipa ya mbao. Ikiandikwa Riserva, ni miezi 62. Ikikaa miaka zaidi chupani, ukakasi hulainika na harufu hufunguka: waridi lililokauka, cheri, ngozi, uyoga, hata lami. Ndiyo, lami ya barabara, na wenyewe wanaisifia.

Mgeni akikuuliza inatoka wapi, usiseme Toscana. Huko ni kwa mvinyo mwingine, Brunello di Montalcino, na zabibu yake ni Sangiovese. Barolo ni ya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kwenye vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba. Vijiji 11 tu ndivyo vyenye haki ya jina hilo, kikiwemo kijiji cha Barolo chenyewe. Hapo ndipo utamu wa kazi ulipo, kwa sababu havifanani. Za kijiji cha La Morra kwa kawaida ni laini, zina manukato, na hunyweka mapema kidogo. Za Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba ni ngumu, zinataka subira. Kwa hiyo kama menyu ina zote mbili na zote ni changa, mimi humwelekeza mgeni La Morra.

Sasa joto. Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba hicho ni cha Ulaya, si cha Pwani! Barolo inataka nyuzi 16 hadi 18. Kwa nyuzi 30 utasikia pombe tupu puani. Kama ilikuwa stoo, iingize kwenye friji hadi ishuke kufikia nyuzi hizo.

Chupa kuukuu isimamishe wima tangu asubuhi ili mashapo yatue, kisha imimine polepole na uache yale ya chini. Kizibo chake huwa kimechoka, kizungushe taratibu kisivunjike. Changa unaweza kuihamishia kwenye jagi la kioo saa moja au mbili kabla ya chakula. Ya zamani sana usiiache humo muda mrefu, harufu itakimbia.

Kuhusu chakula, pendekeza nyama ya ng'ombe iliyoiva kwa moto mdogo, au jibini gumu. Samaki na tanini huacha ladha ya chuma mdomoni. Mwambie mgeni mara moja, kwa upole. Akishikilia changu wake wa kuchoma, mfungulie chupa.